Mwanga Kwanza, Kamera Baadaye: Juu ya Kufundisha Upigaji Picha katika Shule za Sekondari

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Katika sanaa ya kupiga picha usemi huu hautoshi, maana mtu aweza kuwa na macho mazima, akawa na kamera ya bei kubwa, na bado picha zake zisioneshe kile alichokiona. Katika makala haya tunakusudia kuzitazama picha zinazopigwa miongoni mwetu, kueleza kasoro zake ziko wapi, na kisha kupendekeza namna mwalimu wa sekondari anavyoweza kuwafundisha wanafunzi wake misingi miwili ya sanaa hii, yaani mwanga na mpangilio, kwa mazoezi yasiyohitaji fedha nyingi. Mifano yetu tutaichukua zaidi Kirando, katika Wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu pana mwanga wa namna nyingi, na kwa sababu mwalimu aliye mbali na miji mikubwa ndiye aghalabu hudhani kwamba sanaa hii si ya shule yake.

Picha tulizo nazo

Upigaji picha si jambo geni Afrika Mashariki. Mjini Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930, na picha zilizotoka humo zimebaki kuwa kumbukumbu ya nyuso, mavazi na mitaa ya mji ule. Katika studio za namna hiyo, zilizokuja kuenea katika miji yetu mingi, mtu alivaa nguo yake njema, akaketi, akageuzwa bega, akaambiwa ainue kidevu kidogo. Mpigapicha alisogeza taa, akatazama kivuli cha pua kinaangukia wapi, ndipo akafyatua. Mkanda ulikuwa na picha chache na kila moja ilikuwa na gharama yake, kwa hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kubahatisha. Twaweza kuzikosoa picha zile kwa mapazia yake yaliyochorwa bustani na majumba ambayo mpigwapicha hakuwa nayo. Lakini hatuwezi kusema kwamba waliozipiga hawakuujua mwanga. Waliujua kama seremala anavyoijua mbao.

Leo simu imempa kila mtu kamera. Hilo ni jambo jema, wala hatuungani na wale wanaolia kwamba sanaa imekufa. Tunachosema ni kwamba chombo kimeenea kuliko maarifa yake. Tazama picha za mahafali, za arusi, za mikutano ya kijiji: watu wamepangwa mstari mmoja, jua la mchana li juu ya vichwa vyao, macho yamekuwa mashimo meusi, na aliyevaa nguo nyeupe amebaki nguo tu, uso haupo. Miguu imekatwa vifundoni, na nusu nzima ya picha ni anga tupu. Mwenye picha akiulizwa yupi ni mama yake, huonesha kwa kidole, kwa kuwa sura yenyewe haijitambulishi. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la urembo. Picha ni ushahidi utakaobaki baada yetu, na ushahidi usioonesha uso wa mtu ni ushahidi uliopotea.

Uso unavyopotea

Yafaa mwanafunzi ajue sababu. Kamera haimjui mtu. Hupima mwanga wote ulio mbele yake, kisha hujaribu kuufanya uwe wa wastani, kama rangi ya kijivu. Mtu akisimamishwa Kirando saa kumi na moja jioni, ziwa likiwa nyuma yake linameta, kamera huona mwanga mwingi mno na kuupunguza. Ziwa hutoka zuri, na mtu hutoka doa jeusi. Mwanafunzi asiyelijua hilo atadhani kwamba ngozi nyeusi haipigiki picha vizuri, na dhana hiyo ni sumu.

Tena dhana hiyo ina historia nje ya darasa letu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizigawia maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi, zenye sura ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa kwa jina la Shirley. Rangi ya ngozi yake ikitoka sawa, fundi alihesabu kwamba mashine yake iko sawa kwa watu wote. Watafiti wameeleza kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyosikilizwa mapema ni yale ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikutoka vizuri. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea baadaye sana, katika miaka ya 1990. Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitangaza kwamba simu zake mpya zimerekebishwa ili zioneshe vyema ngozi nyeusi, na kutangaza huko kwenyewe ni kukiri kwamba hapo kabla palikuwa na upungufu.

Kasoro imepungua, ila imezaliwa nyingine iliyo kinyume chake. Simu nyingi leo zina programu za kulainisha na kung'arisha ngozi, na vijana wengi huzitumia bila kufikiri. Zamani uso wetu ulipotelea gizani. Sasa unapotelea katika weupe usio wake. Mwalimu akimfundisha kijana kumpiga picha bibi yake hata makunyanzi ya shavu na weusi wa ngozi vikaonekana kama vilivyo, atakuwa amemfundisha kuona fahari katika sura ya kwao, jambo ambalo hotuba nyingi zimeshindwa kulifanya.

Nani amesimama wapi

Kasoro ya pili ni ya mahali pa kusimama. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu, ikaopolewa, na ikaanza safari tena mwaka 1927. Kwa miongo mingi ilipita Kirando na bandari nyingine ndogo za mwambao huu. Palipokosekana gati, mitumbwi na boti zilitoka ufukweni kuifuata meli, zikapokea abiria na mizigo kutoka ubavuni mwake. Tukio hilo limewapendeza wageni wengi, nao wamelipiga picha sana. Lakini mgeni alisimama juu, sitahani, akaielekeza kamera chini. Kwa hiyo katika picha hizo tunaona vichwa, mabega na mikono iliyonyoshwa. Watu wa ziwa wameonekana kama wanaoomba, hali ukweli ni kwamba wako kazini, na wengine ni wafanyabiashara wenye mali yao.

Hatusemi kwamba mgeni yule alikuwa na nia mbaya. Tunasema kwamba mahali aliposimama palisema maneno ambayo pengine yeye mwenyewe hakuyakusudia. Laiti mmoja wa wapiga kasia angalikuwa na kamera, tungaliiona meli kutoka chini, ukuta mkubwa wa chuma umejaa fremu nzima, na nyuso za abiria zimeinama kuwatazama wenyeji. Tukio lingekuwa lilelile, na maana yake ingekuwa nyingine.

Hayo si mawazo matupu. Mwaka 1997, katika mtaa wa Mathare jijini Nairobi, mpigapicha Lana Wong alishirikiana na chama cha michezo cha vijana wa mtaa huo kuwapa vijana kamera nyepesi za plastiki na kuwafundisha kuzitumia. Mradi huo uliitwa Shootback, na picha za vijana zilitolewa kitabuni. Mathare ilikwisha kupigwa picha na watu wengi wa nje. Ila safari hii waliopiga ndio waliokuwa wakiishi humo, na kamera ikaingia mahali ambapo mgeni hafiki. Somo tunalolipata ni kwamba kijana akipewa chombo na mafunzo machache huweza kusema habari za kwao kwa ulimi wake mwenyewe.

Mazoezi ya mwanga

Sasa tuje darasani. Shule zetu nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, na hatuoni kwamba hilo ni kikwazo. Mazoezi ya mwanzo hayahitaji kamera hata moja.

Zoezi la kwanza ni la tundu la bati. Katika chumba chenye giza, kilichoezekwa bati lenye tundu dogo la msumari, jua hupenya na kuweka duara la mwanga sakafuni. Wanafunzi waulizwe: kwa nini duara, hali tundu lenyewe halikukatwa duara? Wengi watashangaa wakiambiwa kwamba lile duara ni picha ya jua. Ushahidi ulipatikana tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kuonekana kama pete huko Rujewa, mkoani Mbeya. Wakati kama huo kila tundu, hata nafasi iliyo kati ya majani ya mti, hutoa pete ndogo chini. Mwanachuoni Ibn al-Haytham alilichunguza jambo la mwanga upitao katika tundu takriban miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo kamera ni chumba cha giza chenye tundu, na mwanafunzi wa Kirando huenda amelala ndani ya kamera tangu utotoni. Akilielewa hilo, hataiogopa tena mashine.

Zoezi la pili ni la kitu kimoja na saa nne. Kila mwanafunzi aweke chungu mahali pamoja uani, akichore pamoja na kivuli chake mara nne kwa siku moja. Hapa jiografia ya Kirando ni mwalimu mzuri. Mashariki kuna ukingo wa nyanda za juu za Ufipa, kwa hiyo asubuhi mwanga wa anga hutangulia na jua lenyewe huchelewa kuchungulia. Ni saa ya mwanga laini usio na kivuli kikali. Adhuhuri ya jua haiji saa sita bali karibu na saa saba mchana, kwa sababu saa ya taifa hufuata longitudo ya nyuzi 45, iliyo mashariki ya nchi yetu, na Kirando iko magharibi sana. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua hupita utosini kabisa, na chungu hukosa kivuli. Jioni jua hushuka ziwani, upande wa Kongo, na mwanga huja umelala, wenye rangi ya dhahabu, ukichora kila mkunjo wa mchanga. Mwanafunzi aliyechora vivuli hivyo vinne hataambiwa tena kwamba saa saba mchana si saa ya kumpiga mtu picha uwanjani. Atakuwa anajua.

Zoezi la tatu ni la mlangoni, na kwa maoni yetu ndilo lililo kubwa kuliko yote. Mzee aketishwe ndani ya nyumba, hatua moja kutoka kizingitini, uso wake ukielekea nje. Jua lisimpige, apate mwanga wa anga tu. Nyuma yake kuna giza la chumba, kwa hiyo kamera haidanganyiki na mng'aro. Mwanafunzi mmoja ashike karatasi nyeupe au kanga nyeupe upande wa kivuli ili irudishe mwanga shavuni. Mzee akigeuka kidogo, upande mmoja wa uso utang'aa na mwingine utafifia, na umbo la mfupa, jicho na paji litajitokeza. Hivyo ndivyo ngozi nyeusi inavyopigwa picha: kwa mng'ao wake juu ya umbo, wala si kwa kuimwagia mwanga mpaka ipauke. Studio ya zamani iliyapata hayo kwa taa. Mlango wa nyumba huyatoa bure.

Zoezi la nne ni la usiku, nalo lifanywe kwa mazungumzo na wavuvi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, zamani karabai na siku hizi pia taa za betri, kuwavuta samaki katika giza. Mbalamwezi ikiwa kali hupumzika, kwa kuwa taa haina nguvu palipo na mwanga kila mahali. Mwanafunzi asikilize maneno hayo kwa makini, kwa sababu ndani yake mna kanuni nzima ya sanaa hii: mwanga huonekana kwa sababu ya giza lililo kando yake. Anayetaka picha yake yote ing'ae ni kama mvuvi anayewasha taa yake chini ya mwezi mpevu.

Mazoezi ya mpangilio

Mpangilio ni elimu ya nini kiingie, nini kitoke, na kila kimoja kikae wapi. Mwanafunzi akate dirisha la mstatili katika kadibodi, afumbe jicho moja, na atembee nalo ufukweni. Akilisogeza karibu na jicho ataona mengi, akilisogeza mbali ataona machache. Kwanza atafute picha yenye vitu kumi. Kisha aondoe kimoja kimoja kwa kusogea, kuchuchumaa au kugeuka, mpaka vibaki vitatu. Uanikaji wa dagaa hufaa sana: dagaa wenyewe karibu, mwanamke anayewageuza katikati, mitumbwi na ziwa mbali. Tabaka hizo tatu zikionekana pamoja, picha inakuwa na kina na kusimulia kazi nzima. Mwanamke akikosekana imebaki picha ya samaki, na dagaa wakikosekana hatujui ameinama kwa nini.

Zoezi jingine ni la kipimo. Juu katika nyanda za Ufipa bado yamesimama baadhi ya matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma, yaitwayo malungu. Mwanafunzi aliyeko safarini huko akilipiga picha tanuru peke yake uwandani, mtazamaji hatajua kama ni kichuguu au ni mnara. Mtu akisimama kando yake, ukubwa hujulikana mara moja, na pamoja nao hujulikana ustadi wa waliolijenga. Kipimo ni sehemu ya ukweli.

Vitabu vya upigaji picha hufundisha kanuni ya theluthi: fremu igawanywe mara tatu kwa urefu na kwa upana, na jambo kuu liwekwe penye makutano ya mistari badala ya katikati. Walimu wengine wameifanya kanuni hiyo kuwa sheria. Sisi tulio katika ushairi tunaukumbuka ubishi wa miaka ya 1970, hasa ulipotoka mwaka 1974 mkusanyo wa Kezilahabi uitwao Kichomi, baina ya waliosema kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi na waliosema kwamba sivyo. Ubishi ule ulitufunza kwamba anayeijua kanuni huiacha kwa sababu, na asiyeijua huiacha kwa kutojua, na msomaji huwatambua wote wawili. Ndivyo ilivyo hapa. Mwanafunzi aweke mstari wa maji theluthi ya chini mara tano. Kisha auweke katikati mara moja, siku ziwa limetulia kama kioo na anga imejirudia majini, aeleze kwa nini siku hiyo katikati palifaa. Akieleza vyema, apewe alama zote.

Kusahihisha

Kamera moja ya shule, au simu ya mwalimu, yatosha darasa zima, ikiwa kila mwanafunzi ataruhusiwa kufyatua mara moja tu kwa zoezi. Uchache huo si adhabu, maana ndio uliowalea mafundi wa studio. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilishtua ulimwengu, alikulia Dar es Salaam na kuanza akiwa kijana kwa kamera kuukuu ya sanduku aina ya Box Brownie, ambayo haina la kurekebisha isipokuwa mahali pa kusimama na saa ya kufyatua.

Picha zioneshwe mbele ya darasa, na wanafunzi wazihakiki kwa maswali manne. Mwanga umetoka wapi? Jicho linaenda wapi kwanza? Kuna kitu gani kingeweza kuondolewa? Na mtu huyu ni nani? Swali la mwisho lisiachwe kamwe. Kumbukumbu nyingi za kale za nchi yetu zina picha zilizoandikwa chini yake “mwanamke” au “wavuvi”, bila jina. Mwanafunzi aamkie kwanza, aombe ruhusa, aeleze picha ni ya kazi gani, na akikataliwa ashukuru na kuondoka. Akikubaliwa, aandike jina kama mwenyewe anavyotaka liandikwe, na akaioneshe picha ile kwa mwenyewe kabla ya kuionesha darasani. Huyo mzee ndiye mhakiki wa kwanza. Akisema “hapa siye mimi”, zoezi lirudiwe.

Watakuwapo watakaouliza kama kuna nafasi ya mambo haya katika ratiba iliyojaa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeupa mkondo wa amali mahali pake katika sekondari, na stadi ya picha ni miongoni mwa zile zinazoweza kumlisha kijana. Lakini hata pasipokuwa na somo lenye jina hilo, tundu la bati ni fizikia, kivuli cha chungu ni jiografia, jina la mzee ni historia, na maelezo ya picha ni insha ya Kiswahili. Mwalimu anayetaka atapata pa kuanzia.

Sisi tunaamini kwamba taifa huhifadhiwa katika nyuso za watu wake kama linavyohifadhiwa katika lugha yao. Lugha tumeipigania, tumeitungia kamusi na kuifundisha. Nyuso tumewaachia wengine wazipige kutoka sitahani, na mashine izitie giza au izipaushe ipendavyo. Kazi ya kuzirudisha yaweza kuanza juma lijalo, katika shule yoyote yenye mlango, mzee wa karibu na kipande cha karatasi nyeupe.